Nilivunjika mguu nikiwa Mtanzania, cheti cha ugonjwa kikatoka nikiwa Mrundi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nitakachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, si jamaa yangu wala rafiki wa jamaa yangu. Siongezi chumvi. Pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga wangu, maana bila huo ujinga uzi huu usingekuwepo.

Niko kwenye kafe ya mtandao hapa Ngara mjini na jenereta linakohoa, kwa hiyo mkiona nimekatikia njiani mjue ni umeme, sijakimbia.

Naitwa Deo. Nyumbani ni Nyakisasa. Nilimaliza chuo mwaka juzi, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikiandika barua za maombi, hatimaye nikapata kazi kwenye shirika moja la maji linalohudumia kambi ya Lukole. Field officer msaidizi. Kwa wasiojua, Lukole ni kambi ya wakimbizi wa Burundi, ipo wilayani kwetu tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa hivi watu wanarudi kwao, kila wiki malori yanaondoka.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mama anasema nikipewa chai nawaza kwanza kikombe kilitoka wapi. Shikeni hilo, litasaidia kuelewa yaliyofuata.

Kazini nilikuwa napangwa zamu pamoja na jamaa anaitwa Everisti. Kule kwao alikuwa mwalimu. Kambini anafanya kazi ileile ninayofanya mimi: kukagua mabomba, kuhamasisha usafi, kusuluhisha ugomvi wa foleni ya maji. Tofauti ni moja tu. Mimi nina mkataba. Yeye ni mkimbizi, na mkimbizi haajiriwi, anapewa posho ndogo inaitwa motisha. Hana mkataba, hana likizo. Karatasi yake pekee duniani ni kadi ya mgao wa chakula, ile wanayoitoboa tundu kila akichukua unga.

Nilikuwa najua hayo yote. Ila kujua na kuona ni vitu viwili.

Sasa tuje kwenye mguu.

Ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Nilienda soko la kambini kununua maharage. Nikapanda baiskeli ya kuazima, na breki ya baiskeli ya kuazima ni kisigino chako. Kwenye ule mteremko wa kuingilia sokoni kisigino kilishindwa. Nilisikia mguu wa kulia ukilia kama kuni kavu kabla sijasikia maumivu.

Everisti alikuwa jirani hapo. Aliita wenzake wanne, wakaleta ngobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wa huku na wa Burundi wote hubebea wagonjwa, wakanibeba mabegani hadi kituo cha afya cha kambini.

Pale mapokezi ndipo mambo yalipoharibika.

Nesi, dada mmoja Mrundi anaitwa Yolanda, aliniuliza kwa Kirundi jina na umri. Kihangaza chetu na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja, na mtu mwenye maumivu hujibu kwa lugha ya mama yake. Nikajibu kwa Kihangaza. Akauliza ninakaa wapi. Mimi wakati huo nilikuwa nauma mkono wa shati. Everisti akajibu kwa niaba yangu, akataja bloki F, nyumba yake, akidhani anaulizwa mgonjwa atafutwe kwa nani. Akaweka sahihi kama aliyenileta.

Basi. Nikaandikwa Mrundi wa bloki F.

Mguu ulifungwa plasta ngumu, nikalazwa siku tatu. Jumapili asubuhi nikasoma kadi iliyoning'inia kitandani. Deogratias, mkimbizi, bloki F.

Wakuu, mtu wa kawaida angesema, "Dada, mmekosea hapa." Yangeisha.

Mimi nikaanza kuwaza. Je, nikisema mimi ni Mtanzania, watanitoa? Hii dawa si imeletwa kwa ajili ya wakimbizi? Watanipakia kwenye gari hadi hospitali ya mjini, na ile barabara ilivyo, mguu utafika mjini mimi nikiwa bado njiani. Je, watasema nimedanganya ili nitibiwe bure? Je, shirika langu likisikia? Nikasema nitasubiri mchana. Mchana nikasema jioni. Jumatatu nikaona sasa nimechelewa, nikisema leo wataniuliza kwa nini sikusema jana.

Jumanne nikaruhusiwa. Nikapewa cheti: mapumziko ya wiki sita. Jina langu, na chini yake, kwa mwandiko mzuri kabisa, mkimbizi wa bloki F. Nikampa Everisti amkabidhi dereva wa shirika akifikishe ofisini, nikarudishwa nyumbani Nyakisasa.

Nilijiambia hakuna atakayesoma mstari huo.

Ofisini kwetu mambo ya wafanyakazi yanashikwa na mama mmoja Mhaya, Bi Adelina. Bi Adelina husoma hata upande wa nyuma wa bahasha.

Nyakisasa kwetu simu inashika mtandao sehemu moja, kwenye kilima nyuma ya kanisa. Alhamisi nilipanda pale kwa magongo, nikakuta ujumbe kwamba nimpigie. Nikampigia.

"Shikamoo Bi Adelina."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mimi Deo, wa idara ya maji."

"Nakuuliza kwa sababu mezani nina karatasi ya Deo mkimbizi wa bloki F. Huyo simjui. Mimi niliajiri Deo wa Nyakisasa. Yuko wapi?"

Nikaanza kueleza. Akanikata.

"Mwanangu, sikiliza. Sheria mpya ya kazi inakupa likizo ya ugonjwa, tena nzuri tu. Siku sitini na tatu mshahara kamili, sitini na tatu nyingine nusu. Lakini inataka cheti cha daktari, na cheti kiwe chako. Hiki si chako. Kwangu mimi, tangu Jumatatu wewe hupo kazini bila sababu."

"Lakini nimevunjika kweli, mama."

"Sijasema hujavunjika. Nimesema aliyevunjika ni Mrundi. Kesho inatimia siku ya tano ya kazi. Jumatatu ni ya sita. Ukiniletea cheti sahihi Jumatatu kabla ya saa sita mchana, nakujazia fomu ya likizo. Usipoleta, nina fomu nyingine."

"Fomu gani?"

"Ya utoro."

Simu ikakatika. Salio.

Nilikaa pale kilimani nikahesabu. Kwanza nilihesabu miezi yangu ya kazi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba asiyefikisha miezi sita hana likizo yenye malipo. Nilikuwa na miezi sita na siku tisa. Nilihesabu mara saba. Nilihesabu hata kwa kuanzia siku ya pili ya kazi, kwa sababu siku ya kwanza nilichelewa. Bado ilikuwa imezidi.

Kwa hiyo haki ninayo. Kinachokosekana ni mimi kuwa mimi.

Mama aliponisikiliza aliweka chini mwiko. "Miaka kumi na sita ya shule," akasema, "ukashindwa kusema mimi ni wa Nyakisasa?"

Pale, wakuu, kitu kilibadilika kichwani. Nilimaliza mwaka mzima naitafuta hii kazi. Nikaona nikianza tena kupima nani atasema nini, Jumatatu itafika nikiwa nimelala kitandani napima. Nikasema mguu utauma, uume. Naenda.

Ijumaa nilienda kwa mtendaji wa kijiji. Mzee ananijua tangu nachunga mbuzi.

"Babu yako nimemzika mimi," akasema. "Lakini barua iseme nini? Kwamba wewe si mkimbizi? Sijawahi kuandika barua ya kusema mtu si kitu fulani. Huandikwa kwamba mtu ni kitu."

"Basi andika mimi ni kitu, mzee."

Akacheka hadi akakohoa. Akaandika kwamba mimi ni mzaliwa wa kijiji hiki na wazazi wangu ni wakulima hapa. Muhuri ulikuwa umekauka wino, akaupulizia pumzi mara tatu, ukatoka hafifu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba mara ya tatu, akaniambia niondoke.

Jumamosi nikapata lori la ndizi linaloelekea Lukole. Mguu nimeuweka juu ya mikungu. Kila shimo la barabara nililijua kwa jina.

Kwenye kizuizi cha polisi askari akapanda kukagua. Mkimbizi akitoka kambini lazima awe na kibali. Akaomba karatasi zangu. Nami kwa uoga nikampa zote kwa pamoja: barua ya mtendaji, na kadi ya kituo cha afya.

Akasoma hii. Akasoma ile. Akaniangalia.

"Wewe ni wawili."

"Afande, ni mmoja. Walikosea."

"Mwalimu mkuu wako wa shule ya msingi alikuwa nani?"

Swali rahisi. Lakini shuleni kwetu mwalimu mkuu alihamishwa katikati ya mwaka nikiwa darasa la tano, akakaimu mwingine, kisha akaja wa tatu. Nikaanza kuwaza anamtaka yupi.

"Inategemea, afande. Unauliza wa mwaka upi? Na yule aliyekaimu naye tunamhesabu?"

Askari akaangua kicheko, akampigia mwenzake kelele: "Huyu wa hapahapa! Mkimbizi angekuwa amekariri jina moja tangu jana. Nenda, nenda."

Mara ya kwanza maishani kuwaza sana kumenisaidia.

Kituoni nilimkuta nesi Yolanda. Nikamweleza, mara hii kwa Kiswahili, polepole. Akafungua daftari lake kubwa, akageuza kunionyesha. Kila mstari una safu mbili: mkimbizi, mwenyeji. Safu ya mwenyeji ilikuwa imejaa alama za vema. Imejaa kabisa. Majina ya watu wa vijiji vya jirani, kurasa kwa kurasa.

"Nusu ya wagonjwa wangu ni nyinyi," akasema. "Tunawatibu wote pamoja. Ungesema tu. Ulikaa hapa siku tatu umenyamaza kama bibi harusi!"

Wakuu, mnaweza kufikiria nilivyojisikia. Siku mbili nzima nilizopoteza nikiwaza, jibu lilikuwa safu ya pili kwenye daftari.

Akasema atasahihisha, na tabibu ataandika cheti kipya. Lakini aliyetoa anwani ni Everisti, na sahihi yake ipo. Lazima aje akiri mbele ya tabibu kwamba alitaja nyumba yake kwa makosa.

Hapo nikaogopa upya, na safari hii hofu ilikuwa na maana. Mkimbizi anayetaja mtu asiye wake kwenye nyumba yake anaweza kuambiwa alitaka kuongeza mdomo kwenye kadi ya mgao. Ningeokoa likizo yangu na kumwachia yeye kesi.

Nikamfuata kwa magongo hadi bomba la jirani. Nilimkuta amekaa juu ya dumu, amevaa koti zito, jua linawaka. Anatetemeka. Macho mekundu. Na bado anapanga foleni: "Yewe mama, ndoo moja, siyo mbili. Nimekuona."

"Everisti, unaumwa."

"Malaria tu. Siku ya tatu leo."

"Mbona hujalala?"

Akanitazama kama nimeuliza mbona haruki. "Nikilala leo, kesho jina langu linapewa mwingine. Wewe umefuata nini na huo mguu? Si umepewa wiki sita?"

Nikamweleza. Nikamweleza na hatari yake pia, sikumficha. Nilisema kama hataki nitaelewa, nitatafuta njia nyingine, sijui ipi, lakini nitatafuta.

Akainuka, akamkabidhi mama mmoja wa foleni filimbi yake.

"Wewe Mtanzania," akasema, "una mtendaji, una muhuri, una mkataba, na bado unalia. Mimi nina kadi moja yenye matundu. Watafanya nini, watatoboa tundu lingine? Twende."

Twende yenyewe ilikuwa kituko. Mimi mguu mmoja, yeye miguu miwili inayotetemeka, sijui nani alimshikilia nani.

Mbele ya tabibu alisema maneno machache: "Niliulizwa anakaa wapi. Nikasema kwangu, kwa sababu siku ile mimi ndiye nilikuwa nduguye hapa. Hakuna mgao ulioombwa." Tabibu akaangalia tarehe, akauliza mambo mawili matatu, akaandika kama alivyosema. Akafuta, akasaini pembeni, akaniandikia cheti kipya. Mwenyeji. Nyakisasa. Wiki sita, kuanzia siku ya kuvunjika.

Nesi Yolanda akamgusa Everisti paji la uso, akamfokea kwa Kirundi, akampa vidonge, akamwonyesha kitanda. Everisti akameza vidonge akiwa amesimama, akaondoka kurudi bombani.

Nilisimama mlangoni na cheti changu cha wiki sita mkononi, namtazama anavyopanda kile kilima na lile koti.

Kazi moja. Bomba moja. Mimi sheria inanilaza kitandani nalipwa, yeye anakimbiza homa kabla jina halijafutwa.

Jumatatu saa nne nilikuwa mbele ya meza ya Bi Adelina. Alisoma cheti, akasoma barua ya mtendaji, akageuza zote kuangalia nyuma.

"Kwa nini hukusema siku ileile?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Sijui hata mimi. Nilikuwa nawaza."

Akagonga muhuri. Wa kwake una wino. "Fomu yangu haina sehemu ya kuwaza," akasema. "Kalale. Urudi na miguu miwili."

Nikasimama kuondoka, nikakaa tena.

"Bi Adelina, mtu wa motisha akiumwa anapata siku ngapi?"

"Hawana siku. Hawana mkataba, sheria haiwafikii."

"Lakini shirika lenyewe likiamua kuwapa, kuna kinachokataza?"

Alivua miwani. Nilidhani nimeharibu. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuniletea karatasi inayouliza hivyo. Mimi nafanya kazi na karatasi."

Basi wakuu, likizo yangu ya ugonjwa niliitumia hivyo. Mguu juu ya kiti, daftari mapajani. Niliandika pendekezo la ukurasa mmoja. Niliandika rasimu kumi na moja, mnanijua sasa. Niliomba jambo dogo: mfanyakazi wa motisha akiwa na cheti cha kituo cha afya, apewe siku tatu za kupumzika, motisha isikatwe, na nafasi yake isipewe mtu. Sisi wenye mkataba tutashika bomba lake siku hizo. Nikapitisha kwa wenzangu wote wa field, wakasaini. Mmoja aligoma, nikamfuata mara nne kwa magongo hadi kwake, akasaini ili nisirudi tena.

Wiki ya saba nilirudi kazini, nikaipeleka. Bi Adelina aliisoma mara mbili, akarekebisha koma moja, akaipeleka mwenyewe kwa meneja. Ilichukua wiki mbili na maswali mengi. Ikapita.

Wa kwanza kuitumia alikuwa Everisti. Homa ilimrudia. Bi Adelina alimwandikia karatasi yenye jina lake, kazi yake, na maneno "mapumziko ya ugonjwa, siku tatu". Nikashika bomba lake. Siku ya pili nikapita bloki F kumjulia hali mchana. Mkewe aliweka kidole mdomoni. Everisti alikuwa amelala, amegeukia ukutani, anakoroma. Mkewe akaninong'oneza kwamba tangu waingie nchi hii hajawahi kumwona akilala mchana.

Mwezi uliopita jina lao lilitoka kwenye orodha ya kurudi Burundi. Nilienda kuwasindikiza kwenye malori. Kadi ya mgao walimnyang'anya pale, ndio utaratibu. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye karatasi moja tu ndani.

Ilikuwa ile ya siku tatu.

"Hii naenda nayo," akasema. "Nikifika nikaomba kazi ya ualimu, wataniuliza miaka yote hii nilikuwa nafanya nini. Hii ndiyo karatasi pekee inayosema nilikuwa mfanyakazi."

Lori likaondoka. Sikuwaza chochote kwa muda mrefu, na kwangu hilo ni tukio.

Nilichojifunza nakiacha hapa, mchukue mnachotaka. Ukiumwa, toa taarifa kazini mapema na kwa maandishi. Soma cheti chako mstari kwa mstari kabla hujaondoka hospitali. Kama kuna kosa, lisemee palepale, usilichukue kwenda kulala nalo. Sheria inakulinda, ila inakulinda kupitia karatasi. Na ukishapata yako, angalia pembeni yako nani anatetemeka juu ya dumu, kwa sababu huenda kinachokosekana ni mtu wa kuandika ukurasa mmoja.

Mguu umepona. Mvua ikikaribia unaniambia kabla ya redio.

Wenye uzoefu wa likizo ya ugonjwa, hasa mliofanya kazi kwenye makambi ya Ngara, Biharamulo na Kigoma, semeni na nyinyi yalikuwaje kwenu. Na kama kuna aliyeko upande wa pili wa mpaka akakutana na mwalimu mrefu anaitwa Everisti, mwambieni Deo wa Nyakisasa anauliza kama ile kazi aliipata.